Jinsi Povu Alivyofua Harufu ya Wazazi

"Na kama hawakutaka ifuliwe, si wangeandika kwenye fulana yenyewe? Wameandika kwenye mfuko! Mimi nafua mifuko?"

Aliyekuwa anafokewa ni Kamanda, mlinzi wa geti. Alikuwa ameshika mbavu kwa kicheko, kofia imemshuka mpaka puani.

"Cheka. Cheka mpaka meno yadondoke, halafu uje kwangu nikufulie na fizi."

"Povu, punguza sauti. Matroni atasikia."

"Asikie! Namuogopa nani?" Akageuka kuangalia dirisha la ofisi. Akashusha sauti. "Hapana, asisikie."

Povu ni dobi wa nyumba ya kulelea watoto wasio na wazazi. Jina hilo alipewa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni sabuni, ya pili ni mdomo. Ukimuudhi kidogo tu linafurika, na likifurika halifuniki. Shule aliiacha mapema, au shule ndiyo iliyomwacha, inategemea unamuuliza nani. Kabla ya kuja hapa alikuwa anafua hotelini. Walimfukuza siku alipomwambia mgeni mmoja, mbele ya meneja, kwamba mashuka yake yanasema mambo ambayo mkewe angependa kuyasikia.

Sasa ni mwaka wa kumi na moja yuko kwenye kibanda cha kufulia nyuma ya jiko. Kibanda chenyewe kina matangi matatu ya saruji, bomba linalokohoa kabla ya kutoa maji, kamba sita za kuanikia, na pasi moja ambayo ukiishika vibaya inakupiga shoti. Watoto kumi na watano. Nepi usizihesabu, utalia. Na hakuna mtu, hata mmoja, aliyewahi kuona nguo ikitoka na doa kwenye kile kibanda.

Hiyo ndiyo shida iliyomponza. Angekuwa mvivu, haya yote yasingetokea.

Kulikuwa na mtoto wa kike, miaka miwili na nusu, wanamwita Bosi. Aliletwa akiwa na siku chache, amefungwa kwenye taulo la mtu. Kuongea alikuwa haongei sana. Akitaka kitu hakiombi, anakinyooshea kidole kama anayegawa kazi, na usipotii anakuangalia mpaka unajiona una makosa.

Bosi alikuwa amepata wazazi. Mke na mume kutoka nchi ya mbali: mke anaendesha treni, mume anatengeneza saa. Karatasi zao zilisumbuka miaka miwili kutoka meza hii kwenda meza ile. Hatimaye wakaruhusiwa kuja. Lakini sheria ilisema hawachukui mtoto na kuondoka kama wanaochukua mzigo. Watakaa wiki sita kwenye nyumba ndogo ya wageni uani, wamlishe wao, wamwogeshe wao, wamlaze wao. Afisa wa ustawi wa jamii atakuja kuangalia mara mbili. Mara ya pili ndiyo ya kukata shauri. Akiandika kwamba mtoto hajawakubali, faili linarudi kabatini, wageni wanarudi kwao mikono mitupu, na Bosi anabaki pale pale.

Sasa, miezi miwili kabla ya kuja, wale watu wakatuma kifurushi. Ndani kulikuwa na picha zao, barua na fulana moja. Ile fulana waliivaa wiki mbili kwa zamu, mke mchana kwenye treni, mume usiku kitandani, bila kuigusisha maji, makusudi, ili mtoto alale nayo azoee harufu yao kabla hawajafika. Wakaifunga kwenye mfuko wa plastiki, na juu ya mfuko wakaandika kwa herufi kubwa: IMEVALIWA. TAFADHALI USIFUE.

Matroni akaitoa fulana, akaitupa plastiki, akaiweka fulana kitandani kwa Bosi. Hiyo ilikuwa Jumatatu jioni.

Jumanne ni siku ya mashuka.

Povu akapita vitanda vyote anakusanya, akafika kwa Bosi, akaiokota ile fulana. Akanusa. Akageuza uso.

"Mungu wangu. Hiki kikwapa kimepanda ndege?"

Akailoweka. Akaisugua kwa brashi. Akaitia dawa ya madoa, akaisuuza mara tatu, akaianika juani, akaipiga pasi mbele na nyuma, akaikunja pembe nne na kuirudisha kitandani akiwa na raha zake. Ilikuwa ya kijivu, alipomaliza ilikuwa nyeupe. Baadaye ndiyo ikajulikana kwamba ilinunuliwa ya kijivu.

Mchana, wafanyakazi wakiwa mezani, Matroni akawasomea barua ya wageni kwa sauti, na yale yaliyoandikwa kwenye mfuko. Alipofika kwenye "fulana hii ndiyo kumbatio letu la kwanza kwa mtoto wetu," Povu akalirudisha tonge sahanini. Akaaga kwamba anaenda kuangalia nguo. Akaenda moja kwa moja getini kumlaumu Kamanda, ambaye hakuwa na kosa lolote, ila alikuwa karibu.

"Nenda kaseme ukweli," Kamanda akamwambia alipomaliza kucheka. "Mficha uchi hazai."

"Mimi nimeshazaa, inatosha. Sikiliza. Harufu si harufu tu? Mtoto atajuaje ni ya nani? Vaa wewe."

"Mimi?"

"Siku tatu tu. Unachimba mtaro, unatoka jasho, unanirudishia. Nani atajua?"

Kamanda akavaa, maana ukimkatalia Povu utamsikia mpaka ustaafu. Siku ya nne fulana ikarudi kitandani, inanuka udongo, jasho na tumbaku. Bosi akaikaribia. Akanusa mara moja. Akaishika kwa vidole viwili, akaidondosha nje ya kitanda, halafu akanyoosha kidole kuonyesha mlango. Itolewe.

"Amenifukuza kazi," Kamanda akasema aliposimuliwa.

Basi Povu akaivaa mwenyewe. Siku tisa, chini ya aproni, kichwa ndani ya matangi, mvuke, sabuni ya mche na hasira. Alipoirudisha, Bosi aliinusa, akainusa tena, akajifunika nayo uso na kulala kabla hata mashuka hayajanyooshwa. Tangu siku hiyo hakuiachia. Anaiburuta jikoni, anaiburuta uani, ukiichukua anapiga kelele mpaka mbwa wa jirani anajibu.

Matroni, maskini, akaandika barua kwa furaha: Mtoto ameshaizoea harufu yenu, halali bila fulana. Kule ng'ambo watu wakalia kwa raha. Huku Povu akasuuza nepi na kujitia hamnazo.

Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa na urefu wa miezi miwili kasoro.

Wageni wakafika. Mke, waliyemwita Dereva, ni mama mnene kidogo, mikono mifupi, macho ya mtu asiyelala vizuri. Mumewe, Fundi Saa, ni mrefu kama ngazi. Walikuwa wamejifunza Kiswahili miaka yote miwili waliyosubiri, tena cha kwenye vitabu, mpaka wafanyakazi wakawa wanatamani kunyoosha mashati wakiongea nao.

"Hujambo, mtoto wetu mpendwa," Dereva akasema, amepiga magoti kwenye sakafu. "Sisi ni wazazi wako. Tumefurahi mno kukutana nawe."

Bosi akamtazama. Akasogea mpaka karibu, akanyoosha shingo, akanusa. Matroni ameshika kitambaa tayari kufuta machozi.

Bosi akatoa ukelele mmoja ambao wazee wa mtaa ule bado wanauongelea. Akageuka, akatoka mbio na fulana yake, akapita jiko, akafika kibandani, akaukumbatia mguu wa Povu kama anayezama.

"Toka," Povu akamnong'oneza. "Toka mtoto wewe, unanimaliza."

Ikawa hivyo kila siku. Wanamlisha, anatema. Wanambeba, anakakamaa kama ubao wa pasi. Wakimwachia tu, huyo, kibandani. Matroni akatoa amri: Povu haruhusiwi kumgusa Bosi, kumbeba wala kuongea naye mpaka wiki sita ziishe. Kwa hiyo Bosi akawa anakaa nje ya mlango wa kibanda anapiga mlango kwa viganja, na Povu ndani anafua mashuka ambayo ameshayafua.

Afisa akaja mara ya kwanza mwisho wa wiki ya pili. Mwanaume mkavu, anabeba faili kwa mikono miwili kama sinia la moto. Akakaa saa nzima. Alichoona ni mtoto aliyempa mgongo kila mtu. Akaandika mstari mmoja, akaufunika kwa kiganja, akaaga.

Povu akaona hapana, lazima Bosi amchukie. Akafungua mlango wa kibanda, amri ya Matroni akaiweka kando, akaanza kazi. Akajipaka siki mikononi na shingoni. Bosi akaja, akanusa, akapiga chafya, akacheka, akakumbatia mguu. Akamkunjia uso wa kutisha, ule aliowahi kumkunjia mkaguzi wa afya na mkaguzi akaomba maji. Bosi akaukunja wake vile vile. Akabadilisha sabuni. Akavaa mabuti ya Kamanda. Wapi.

"Huyo anakutaka wewe, si sabuni yako," Kamanda akamwambia. "Sasa si useme? Yule mama jana nimemwona amekaa ngazini analia mpaka kamasi. Na mumewe anatengeneza saa ya ukutani ambayo haijaharibika."

Povu akamwangalia vibaya, akaenda.

Aliwakuta pale pale. Dereva ngazini, Fundi Saa pembeni, saa ya ukutani imefunguliwa tumbo.

"Dada, nina neno."

"Karibu, dada mpendwa. Tafadhali, keti."

"Sikai. Nikikaa sitasema. Ile fulana niliifua."

Dereva akapepesa macho. "Samahani. Sijaelewa vyema. Uliifua lini?"

"Siku ya pili tu. Kwa sabuni, kwa brashi, kwa dawa ya madoa. Halafu nikaogopa, nikaivaa mimi siku tisa. Harufu anayoijua mtoto wenu ni yangu. Haya. Semeni."

Bisibisi ikamdondoka Fundi Saa. Akasimama, akaongea maneno marefu kwa lugha ya kwao. Hakuna aliyetafsiri, na hakuna aliyehitaji, tusi halitafutiwi mkalimani. Halafu akarudi kwenye Kiswahili.

"Kwa nini ulitufanyia hivi?"

"Ilikuwa inanuka!"

"Ilipaswa kunuka!"

"Mimi ni dobi!"

Wakatazamana, wote wawili wanahema. Ndipo Dereva akaanza kucheka huku machozi yanamtoka, kicheko kibaya, cha mtu aliyechoka.

"Wiki mbili," akasema. "Wiki mbili kazini hakuna aliyekaa karibu nami. Mkuu wa stesheni aliniita ofisini kwa sababu ya hiyo fulana. Nilinuka bure!"

"Povu!" Sauti ya Matroni dirishani. "Ofisini. Sasa hivi."

Kilichosemwa ofisini kilisikika mpaka barabarani kwa hiyo hakuna siri. Matroni alitaka kumfukuza. Ila tangi zima la nepi lilikuwa limelowekwa, na Matroni akiziangalia dirishani alianza kuongea polepole.

"Wiki tatu zimebaki, Povu. Wiki tatu! Nifanye nini na wewe?"

"Nipe likizo."

"Likizo? Unathubutu?"

"Nisikilize, mama. Mimi siwezi kunuka kama wao, nimejaribu hata siki. Basi wao wanuke kama mimi. Waingie kibandani, wafue. Mimi niondoke mpaka siku Afisa anarudi. Mtoto akija pale mlangoni amkute mama yake."

Matroni akaziangalia tena zile nepi. Halafu akauliza, "Wanajua kufua?"

"Hawajui hata kidogo."

Povu akaacha aproni yake msumarini na kwenda nyumbani. Siku ya kwanza alilala. Siku ya pili alifua pazia za shangazi yake anayekaa naye, ambazo zilikuwa safi, mpaka shangazi akamwambia, "Wewe mwana, nenda kamwangalie huyo mtoto, utanimalizia pazia." Siku ya tatu alikuwa getini, amechuchumaa kwenye upenyo wa bati, na Kamanda upande wa ndani anamtangazia kama mpira.

"Mrefu amechanganya nyekundu na nyeupe."

"Mungu wangu."

"Mashuka yote yamekuwa ya waridi. Bosi amekaa kwenye ndoo, anaangalia. Halii, ila amenuna. Sasa ameokota kibanio cha nguo. Amekirusha."

"Kimempata nani?"

"Yule mama. Puani."

"Mwanangu!" Povu akasema, kisha akakohoa. "Nasema, mtoto wa watu huyo."

Siku zikaenda. Povu akajionea mwenyewe kwa jicho moja kwenye upenyo: Dereva anakamua shuka kwa vile vimikono vyake, maji yote yanarudi kwenye viatu. Bosi akashuka kwenye ndoo. Akaenda mpaka pale, akalipiga lile shuka kofi.

"Kamua!"

Dereva akaganda. "Nini, mpenzi?"

"Kamua wewe! Hujala?"

Hilo ndilo neno la kwanza Bosi kumwambia mama yake. Dereva akatoa kidaftari mfukoni, akaliandika na tarehe, analia na kucheka. Mumewe akauliza kama "hujala" ni salamu. Kamanda akamwambia ndiyo, pale kibandani ni salamu.

Kuanzia hapo Bosi alikuwa na wafanyakazi wawili wabovu, na hakuna kitu kinachompa mtoto yule raha kama mtu wa kumsahihisha. Akawa mpelekaji wa vibanio. Dereva akitundika nguo anapewa kimoja kimoja, akichelewa anagombezwa. Akigombezwa anakamua zaidi. Mwisho wa wiki ile Bosi akakubali kulishwa, kwa sharti kwamba na yeye amlishe Fundi Saa, kijiko kwa kijiko, na ndevu zikila zaidi ya mdomo.

"Leo," Kamanda akasema siku moja, "amelala begani kwa yule mama. Mate yanamtiririka. Na fulana ameiacha kwenye ndoo, hata hajaikumbuka."

Povu alikuwa amechuchumaa. Akasimama, akajipangusa magoti.

"Vizuri," akasema, akaenda zake. Kamanda alibaki anashangaa. Miaka kumi na moja hajawahi kumwona Povu akiondoka mahali bila kuacha neno la mwisho.

Siku ya Afisa ikafika. Povu akarudi kazini asubuhi, aproni ya akiba, kichwa kimefungwa vizuri. Afisa akapita na faili lake, akaona mashuka ya waridi, akaona wageni mikono imechubuka, akaona mtoto amekaa kwenye ndoo anawasimamia. Hakutabasamu.

"Nimesikia habari ya dobi," akasema. "Mara ya kwanza mtoto alikuwa anamkimbilia yeye. Yupo?"

"Yupo," Matroni akasema.

"Aje. Asimame pale kwenye matangi. Mama asimame kule kwenye kamba. Mtoto katikati. Na asiitwe na mtu."

Povu akaomba dakika moja aoshe mikono. Akazunguka nyuma ya tangi, akarudi, akasimama. Dereva kule kwenye kamba, ameshika shati lenye maji na hajui afanye nalo nini. Fundi Saa amefumba macho.

Bosi akamwona Povu. Wiki tatu hajamwona. Uso ukafunguka wote, miguu ikaanza, mbio, mpaka akagonga magoti ya Povu na kukumbatia mguu ule ule.

Afisa akafungua kalamu.

Povu hakuinama. Mikono ameifunga nyuma, taya limekaza, anaangalia juu kama anayehesabu mawingu. Kile moyo wake ulichokitaka kilikuwa pale miguuni, chenye joto, kinapumua. Angeinama tu kidogo.

Bosi akainua uso. Akanusa, akaitazama aproni. Akatia mkono kwenye mfuko wa aproni. Akatoa vibanio viwili. Akatia tena, na mwingine, mpaka viganja vimejaa vinamwagika. Kisha akageuka, akamwacha Povu pale bila hata ya kuaga, akaenda kwa kasi ya mtu mwenye shughuli mpaka kwenye kamba, akamkabidhi mama yake kibanio kimoja.

"Anika," akaamuru. Halafu akaegemea paja la Dereva, akajifunika na sketi yake iliyolowa, na kumchungulia Afisa kwa jicho la kumuuliza na wewe kazi yako nini hapa.

"Ametoka kwako," Afisa akamwambia Povu. "Alikuja kufanya nini?"

"Kuchukua vifaa. Mwizi huyo!" Povu akafoka, na povu lilikuwa zito kuliko siku zote, maana likipungua macho yangeonekana. "Vibanio vyangu vyote! Mtoto wa Dereva huyo, mwangalie, hana adabu, kama mama yake hajui kukamua!"

Afisa akaandika. Safari hii hakufunika kwa kiganja.

Kamanda anaapa kwamba mfuko wa ile aproni ulikuwa mtupu Povu alipoingia getini, na kwamba alimwona kwa macho yake nyuma ya tangi akiujaza vibanio kwa mikono miwili. Povu anakana. Ukimbana sana anakuuliza kama na wewe ni Afisa, na hapo bora uondoke.

Bosi ameshaondoka. Mahakama ilipiga muhuri, wakapanda ndege watatu. Picha zinakuja. Anawagombeza watu wa huko kwa lugha mbili.

Wamebaki kumi na wanne. Povu anawafulia, mashuka yao meupe, nepi zao zimenyooka, na kwenye vitanda vyao hakuna fulana ya mtu yeyote. Wale wageni walivuka dunia, wakakubali kunuka mbele ya wenzao na kutukanwa na mtoto. Wewe unakaa mtaa wa pili, chumba cha ziada umekijaza makochi mabovu, na kila mwisho wa mwaka unaleta mfuko wa nguo zilizochanika unapiga nao picha getini. Acha huo ujinga. Nenda ofisi ya ustawi, omba fomu ya kulea mtoto, ijaze. Kesho asubuhi. Na usiseme utaona. Nenda.